Nani Ana Ruhusa ya Kutembea Turkana?

Huku kwetu, mtu akipanda gari Lodwar kwenda Kitale, husema anaenda Kenya. Hatanii. Na mwalimu anayetoka Kitale kuja kufundisha Lowarengak naye husema ametoka Kenya. Ukisimama karibu naye jioni anapotafuta netwaki, utamsikia akimwambia mamake: "Mum, huku ni kwingine kabisa." Watu wa Nairobi hucheka wakisikia hayo. Lakini msemo huu haukuanguka kutoka mbinguni. Una sheria nyuma yake, na sheria hiyo ina mwaka.

Mwaka wa 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za mbali: wilaya ikitangazwa kufungwa, mgeni haingii bila leseni. Mwaka wa 1934 ikaongeza nyingine, ya wilaya maalum, iliyowapa maofisa nguvu ya kuamua nani atembee wapi. Turkana ikawekwa ndani. Sasa jiulize, nchi iliyofungwa kwa kufuli itapata wapi walimu? Wenzetu wa Nyanza na milima ya kati walikuwa wanapeleka watoto wa wasomi shule, huku kwetu serikali ikijulikana kwa askari na kodi.

Mwalimu mashuhuri zaidi aliyewahi kuishi upande huu hakuja kufundisha. Jomo Kenyatta alikuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Githunguri kabla ya kukamatwa Oktoba 1952. Mwaka uliofuata alihukumiwa Kapenguria miaka saba ya kazi ngumu, akaletwa Lokitaung, kule milimani magharibi mwa Lowarengak. Kwa sababu ya umri wake alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake. Mwaka wa 1959 wakamhamishia Lodwar, akae bila kutoka, hadi 1961. Fikiria hilo kidogo. Wakoloni walitafuta mahali ambapo mwalimu hangeweza kupata wanafunzi, wakachagua kwetu.

Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 uliua mifugo, na serikali ikawakubalia mapadri wa Kiayalandi wa Shirika la Mtakatifu Patrick waingie kusaidia. Walikuja na chakula, kisha zahanati, kisha shule. Kufikia 1978 Lodwar ilikuwa dayosisi. Baada ya uhuru, na hasa baada ya tume ya kuajiri walimu, TSC, kuundwa 1967, mgeni akaanza kuja kwa njia nyingine: barua ya kazi mkononi, godoro juu ya lori, na hesabu kichwani ya lini ataomba uhamisho.

Mimi nilifundishwa na hao. Mwalimu wetu wa Sayansi alitoka Bungoma. Wiki ya kwanza alilala ndani ya nyumba yake ya mabati na dirisha amelifunga, akiogopa nyoka. Wiki ya pili joto lilimshinda, akatoa mkeka nje kama sisi wote. Alinunua samaki mpaka akawachoka, akaanza kuuliza mboga za kienyeji zinapatikana lini. Tukamwambia zikishuka na gari. Mshahara ukiingia alidandia lori la samaki hadi Lodwar, akarudi baada ya siku tatu na unga, majani chai na mafuta ya kujipaka.

Kwa Kiturkana tunamwita mtu wa nje emoit. Neno hilo ni mgeni, na ni adui pia. Huwezi kujua ni yupi mpaka umwone anavyotembea. Yule mwalimu alipenda kutembea. Jumamosi alikuwa anatukusanya, mtungi wa maji na pakiti mbili za biskuti, tunaelekea ziwani. Njiani aliuliza majina: huu mti ni nini, huyu ndege ni nani, hili korongo hujaa lini? Tulikuwa hatujawahi kuona mtu mzima aliyesoma akituuliza sisi kitu. Tulijibu wote kwa pamoja, kwa fujo. Nadhani hapo ndipo alipoacha kuwa mgeni, siku alipokubali kwamba hajui.

Kaskazini hakutupeleka. Todonyang ni karibu, lakini mpaka na Ethiopia umekula watu wengi. Mei 2011 waliuawa wengi hapo kwa siku moja. Hofu nayo hutoa na kunyima ruhusa kama sheria, ila haijaandikwa popote.

Alitupeleka kusini, Nariokotome, likizo ya Agosti. Ni pale ambapo Agosti 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye ukingo wa lugga. Inasimuliwa kwamba ilikuwa siku ya mapumziko, wenzake wamekaa kambini, yeye akaamua kutembea. Kipande hicho kilizaa mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, aliyeishi miaka kama milioni moja na nusu iliyopita, mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya watu wa kale iliyowahi kupatikana. Kimeu naye alikuwa emoit, Mkamba, na shuleni hakufika mbali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na kila mtu akiniuliza nitakuwa nani bila digrii, humtaja Kimeu.

Kwa hivyo kwangu matembezi si starehe tu. Mtoto asiyetolewa darasani hudhani historia ilitokea Githunguri, Mombasa, London, popote isipokuwa anapokanyaga. Shule nyingi za huku hazina gari wala bajeti ya ziara, na mwalimu anayesubiri uhamisho hana sababu ya kujua njia ya ziwani. Posho ya mazingira magumu humlipa kwa kuvumilia mahali. Hakuna posho ya kupajua.

Halafu kuna Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992, na madarasani mwake wanafundisha wakimbizi wenyewe: Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongomani. Nimezungumza na mmoja, Mkongomani anayefundisha Masomo ya Jamii kwa Kiswahili kitamu cha kwao. Anachora Ziwa Turkana ubaoni, anaonyesha Kisiwa cha Kati na maziwa yake ya kreta yenye mamba, anawaambia watoto kwamba tangu 1997 ni urithi wa dunia. Yeye mwenyewe hajaliona. Mkimbizi kutoka nje ya kambi anahitaji kibali, na kibali hutolewa kwa sababu kama hospitali au masomo. Kwenda kuona maji si sababu.

Nilipomsikia nilikumbuka 1934. Aliyekatazwa kuingia bila karatasi amebadilika kuwa anayekatazwa kutoka, lakini karatasi ni ile ile. Sisi tuliofungiwa miaka yote hiyo tunapaswa kuwa wa kwanza kuitambua. Kutoka Kakuma hadi ufuo wa Kalokol ni safari ya asubuhi moja, lami mpaka Lodwar na zaidi. Darasa lake lina mtungi wa maji. Biskuti tutanunua.