Malezi ya Dharura Tegeta: Kutoka Uani hadi Kituoni

Tegeta, iliyo kandokando ya Barabara ya Bagamoyo kaskazini mwa Dar es Salaam, ilianza kubadilika kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilipoanza uzalishaji mwaka 1966. Ajira ziliwaleta watu wa mikoani, wengi wakiwa wamewaacha wazazi na shangazi zao nyumbani. Mama alipoitwa msibani ghafla na baba yuko zamu, mtoto hakuwa na bibi wa karibu wa kumpokea.

Pengo hilo lilizibwa na ujirani. Katika nyumba za kupanga zenye ukumbi katikati na ua nyuma, wapangaji walipika pamoja, na aliyesafiri aliwaacha wanawe kwa mwenzake wa chumba cha pili. Safari ikiwa ndefu, mdogo wa mama aliitwa kutoka kijijini, na ujio wake uliarifiwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, ngazi iliyoanzishwa na chama cha TANU miaka ya 1960. Mtoto akiugua, kumuuguza kulibaki kazi ya mama. Jirani aliwaangalia wale wazima.

Mji ulipotanuka, ua wa pamoja ulipungua. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya jirani kama Bunju na Mbweni, na nyumba za uzio na geti zikaongezeka. Jirani akawa mtu wa kusalimiwa barabarani, na malezi yakaangukia kwa dada wa kazi.

Sheria nayo iligusa malezi ya nje ya nyumba. Vituo vya kulelea watoto mchana vilitungiwa sheria mwaka 1981. Nafasi ya sheria hiyo ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Lakini kituo hakimfai mtoto mwenye homa. Hapo ndipo inapohusika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa mwajiriwa walau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Mama lishe na dereva wa bodaboda waliojiajiri hawana mwajiri wa kuwapa siku hizo. Wakikaa nyumbani, kipato cha siku kinapotea.

Kwa hiyo utaratibu wa zamani wa kumwachia jirani au ndugu mtoto haujafa, ila sasa unahitaji kupangwa mapema. Anayeachiwa mtoto hukabidhiwa kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, maelezo ya dawa na namba za simu za ndugu wawili. Shule hujulishwa nani atamchukua mtoto. Fedha za matibabu hutumwa kwa simu, njia iliyoenea nchini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Familia isiyo na mtu aliyekubali jukumu hilo kabla ya dharura hubaki na njia moja tu: mzazi mmoja kuacha kazi au safari yake.