Utunzaji wa injini ya dizeli isiyotumika sana

Utunzaji wa injini ya dizeli isiyotumika sana ni sehemu ya ufundi wa mitambo inayohusu ukaguzi na matengenezo ya injini za greda, tingatinga na mashine nyingine za ujenzi zinazokaa muda mrefu bila kazi. Injini ya dizeli, iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel na kufanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897, huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, bila cheche ya plagi.

Mashine ikikaa, unyevu wa hewa hugeuka maji ndani ya tangi. Maji hayo huleta kutu na kuotesha bakteria na kuvu wanaoziba filta. Injini inayoungurumishwa mara kwa mara bila mzigo hujaa masizi kwenye nozeli na ekzosi.

Uchunguzi huanza na rangi ya moshi. Mweusi huashiria upungufu wa hewa au mafuta kupita kiasi. Wa buluu, oili inayoungua. Mweupe usiokoma, mafuta yasiyoungua au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kinga ya matatizo haya ni kujaza tangi kabla ya kuegesha, kumwaga maji yaliyotuama kwenye filta, kubadilisha oili kwa kalenda hata saa za kazi zikiwa chache, na kuifanyisha injini kazi yenye mzigo hadi ifikie joto lake la kawaida.