Mbwa wa Mpakani

Historia niliyofundishwa sekondari ilijaa magavana na mikataba. Mbwa hakutajwa hata siku moja. Lakini ni mbwa aliyenirudisha kwenye daftari langu la kidato cha nne.

Nilimkuta Tunduma chini ya tela la lori, shingoni ana alama ya kamba. Dume zima, rangi ya udongo, meno yamekomaa. Wapiga debe waliniambia dereva alimshusha hapo, yeye akavuka kwenda Nakonde. Kumbe mpakani hata mbwa anadaiwa karatasi: cheti cha chanjo na kibali cha mifugo. Huyu hakuwa nazo. Vijana walishaanza kuokota mawe. Nikamtoa pale kwa tonge la ugali.

Mpaka wenyewe je, umetoka wapi? Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba, wakagawana nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika. Wanyamwanga wakajikuta wa nchi mbili, wala hawakuulizwa. Mwaka 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia ikageukia Dar es Salaam kutafuta bahari. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja mwaka 1968. Ujenzi wa reli ya TAZARA ukaanza mwaka 1970 kwa mkopo wa Wachina, mwaka 1973 reli ikafika hapa mpakani, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Barabara nayo ikaleta malori. Hivyo Tunduma ikawa mji wa kusubiri. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019, lakini kusubiri hakujaisha. Penye foleni pana mama ntilie, penye mama ntilie pana makombo, na penye makombo, bwana, mbwa hawakosekani.

Nikaanza kumtafutia nyumba. Kila mlango jibu ni lile lile: "Ungeleta kitoto tungechukua. Hili jitu zima litafundishika wapi? Samaki mkunje angali mbichi."

Wengine waliogopa kichaa. Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huwa wameumwa na mbwa. Lakini tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto Joseph Meister kwa chanjo, kinga ipo. Na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nikampeleka kwa bwana mifugo, akachomwa sindano. Hakunguruma. Alinitazama tu, kama anayeuliza kama nami nitamshusha njiani.

Ikabaki ile methali. Nao wahenga siwapingi, ila nina swali. Laika aliokotwa mtaani Moscow akiwa mkubwa, miaka kama mitatu hivi. Akafundishwa kukaa ndani ya chumba kidogo, akafundishwa kuvumilia kelele na mtikisiko, na tarehe 3 Novemba 1957 akarushwa angani ndani ya Sputnik 2. Yote aliyofundishwa aliyashika. Wenye chombo ndio hawakuwa wamepanga arudi. Basi tatizo la mbwa mzima si kufundishika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyempangia pa kurudi.

Wangu huyu ana wiki ya tatu chumbani kwangu. Ukisema "kaa," anakaa. Usiku lori likipiga honi barabarani anainua masikio, anasikiliza, kisha anayashusha pole pole. Mimi mpangaji tu, na mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa mwezi.

Mwenye ua na moyo, aje Tunduma. Cheti cha chanjo ninacho. Jina sijampa, maana jina anastahili kupewa na atakayekaa naye.