Kutoka Redio Hadi Kishikwambi



Mkutano wetu wa mwaka huu una rai moja nzito mbele yake: kwamba chama chetu kichange fedha, kiinunulie shule ya msingi iliyo jirani nasi vishikwambi na kuiunganisha na intaneti. Rai ni njema. Lakini kabla hatujatia mkono mfukoni, naona inafaa tukumbushane historia, maana hii si mara ya kwanza kwa mashine kubisha hodi katika madarasa ya watoto wetu wa Kenya.

Zamani ilibisha redio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifanywa hapa nchini mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya chini. Kwa muda wa nusu saa, redio iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, na watoto wakaitikia kwa pamoja. Ikaamuru wasimame, nao wakasimama. Mwalimu hakuondolewa darasani. Yeye ndiye aliyewatayarisha kabla ya kipindi, na yeye ndiye aliyewaendeleza baada ya redio kuzimwa. Watoto hao walipopimwa, walionekana kuwapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Chombo kilikuwa cha bei ndogo, lakini somo lilikuwa limetungwa kwa uangalifu mkubwa.

Miaka 30 baadaye ikaja ahadi kubwa zaidi. Katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta ya kubebeka. Zabuni ilibatilishwa mwaka 2014, na mpango ukasuasua hadi mwaka 2016, ulipojaribiwa katika shule 150. Vyombo viliunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja pamoja na washirika wake wa kigeni. Hatimaye vyombo zaidi ya milioni 1 viligawanywa katika shule zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhia masomo. Umeme nao ulipelekwa, na pale nyaya zisipofika ukatumika umeme wa jua. Hilo la umeme peke yake ni jambo la kushukuru.

Lakini angalieni lililotokea mwezi wa Machi mwaka 2020, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya korona. Intaneti haikuwa imefika katika nyumba nyingi za mashambani, na vishikwambi vilikuwa mali ya shule. Masomo yakatangazwa kwa redio na televisheni, na mahali pengi ile redio ya zamani ndiyo iliyoitwa tena kazini.

Wala si Kenya tu iliyopitia haya. Huko Amerika ya Kusini, nchi mbili zilianza safari hii kwa wakati mmoja. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, hata katika shule za milimani zisizokuwa na intaneti. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 haukuona maendeleo yoyote katika hesabu wala kusoma. Uruguay ilianza mwaka 2007, na kufikia mwaka 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na chake. Hao waliunda chombo maalumu cha kusimamia kazi hiyo, wakaunganisha shule na intaneti, wakashughulikia matengenezo. Tangu mwaka 2012 wamekuwa wakitumia intaneti kumleta darasani, kwa picha na sauti, mwalimu wa Kiingereza aliye mbali, akishirikiana na mwalimu aliyesimama mbele ya watoto. Mnaona jinsi jambo hili linavyofanana na ile redio yetu.

Kwa hiyo naomba mkutano ujibu maswali manne kabla ya kupiga kura. Somo gani hasa linalowashinda watoto wa jirani zetu, ambalo intaneti italisaidia? Mwalimu yupi atafunzwa, na akihamishwa nani atashika nafasi yake? Nani atalipa ada ya intaneti kila mwezi, mwaka wa kwanza ukishapita? Na chombo kikiharibika, fundi yuko wapi?

Rai yangu mimi ni kwamba fedha zetu zigawanywe mafungu mawili yaliyo sawa: fungu moja la vyombo, na fungu moja la mafunzo ya walimu, matengenezo na ada. Tutanunua vishikwambi vichache, lakini vitafanya kazi.

Nanyi vijana, baadhi yenu mlikuwa madarasa ya chini wakati vishikwambi vya serikali vilipofika. Nyinyi ni mashahidi. Simameni mkutanoni mtueleze: vilitolewa kabatini mara ngapi, na mlijifunza nini? Sisi wazee tunaijua redio. Sehemu hii ya historia ni nyinyi mtakaotusimulia, na hatutaki kupiga kura kabla ya kuwasikia.