Naha: Bandari Iliyolea Goju-ryu

Upepo wa kaskazini ulipoanza kuvuma majira ya baridi, merikebu za wafalme wa Ryukyu zilitweka matanga na kutoka Naha kwenda Fuzhou, kusini mwa China. Zilikaa huko miezi kadhaa. Upepo ukishageuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, zilirudi nyumbani. Mtu wa Lamu, Kilwa au Unguja hahitaji kuelezwa hesabu hiyo, kwa kuwa pepo za msimu zilizoipa Naha maisha ni ndugu wa kaskazi na kusi zetu.

Naanza na upepo kwa sababu. Historia ya Goju-ryu, mmoja wa mitindo mikongwe ya karate ya Okinawa, mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilitoka moja kwa moja mlimani, kwenye hekalu la watawa waliojifungia wasionwe na watu. Mimi naiona ni historia ya bandari. Walioilea ni wakalimani, mabaharia na wafanyabiashara wa mji mmoja wa pwani, na bila mji huo haieleweki.

Naha ya zamani ilikuwa kisiwa kidogo kilichokaribiana sana na Okinawa, hata katikati ya karne ya 15 ikajengwa njia ya mawe juu ya maji ili kukiunganisha na bara. Ikulu ilikuwa Shuri, kilimani, kilomita chache tu kutoka gatini. Mfalme alikaa juu, bidhaa zikashukia chini. Uhusiano rasmi na China ulianza mwaka 1372, Mfalme Satto alipotuma zawadi za utiifu kwa dola ya Ming. Miaka 20 baadaye, kwa mujibu wa kumbukumbu za Ryukyu, zikaja kutoka Fujian zile zinazoitwa familia 36. Zilipewa mtaa wake ndani ya Naha, mtaa wa Kume, na kwa karne tano watu wa Kume wakawa mdomo na mkono wa ufalme mbele ya China. Wao ndio walioandika barua za Kichina, wakaongoza vyombo baharini na kutafsiri maneno ya mabalozi. Wakazaliana hapo na kuwa wenyeji, huku wakiendelea kuwapeleka vijana wao Fuzhou kusoma.

Hawakwenda China peke yake. Katika karne ya 15 vyombo vya Ryukyu vilifika Siam, Java na Malaka, na kengele kubwa iliyosubuliwa mwaka 1458 kwa ajili ya kasri la Shuri ina maandishi yanayousifu ufalme huo kuwa daraja la mataifa.

Huko Fuzhou palikuwa na nyumba maalumu ya kuwapokea Waryukyu. Baharia aliyemaliza kupakua shehena hakuweza kuondoka mpaka upepo ugeuke, na mwanafunzi aliyetumwa kusoma alikaa miaka. Fujian ilikuwa na mitindo mingi ya kupigana kwa mikono mitupu, ukiwamo ule wa korongo mweupe. Kwangu mimi, huko kungojea upepo ndiko kulikoileta elimu ya ngumi Naha. Mtu mwenye nafasi, ugenini, akiwa na lugha ya wenyeji mdomoni, ndiye anayepata mwalimu.

Wengi wamesikia hadithi nyingine: kwamba wafalme, na baadaye watu wa Satsuma walioivamia Ryukyu mwaka 1609, walipiga marufuku silaha, wakulima wakabuni karate ili kujihami gizani. Hadithi hiyo inapendeza masikioni, lakini majina tunayoyajua hayaiungi mkono. Walimu wa karne ya 19 wanaokumbukwa walikuwa hasa watu wa tabaka la juu na la kati: walinzi wa mfalme, makarani, wakalimani. Mmoja wao, Arakaki Seisho, alikuwa mkalimani wa Kichina. Mwaka 1867 watu wa Kume walifanya maonyesho Shuri kusherehekea kusimikwa kwa Mfalme Sho Tai, naye Arakaki akaonyesha ufundi wake hadharani. Katika orodha ya maonyesho yale yamo majina ya Seisan na Suparinpei. Mwanafunzi wa Goju-ryu wa leo anayajua yote mawili, kwa sababu angali anazifanya kata zenye majina hayo, yaani mafuatano ya miondoko na mapigo yaliyopangwa tangu zamani.

Arakaki ndiye aliyemfundisha mwanzo kijana aliyeitwa Higaonna Kanryo.

Higaonna alizaliwa Naha Machi 1853. Miezi miwili baadaye meli za kivita za Kamanda Perry wa Marekani zilitia nanga mbele ya mji huohuo, zikiwa njiani kwenda kuilazimisha Japani ifungue milango yake. Baba yake Higaonna alikuwa na chombo cha kusafirisha kuni kati ya visiwa, kazi ya jasho na mgongo, na mtoto alikua akiifanya. Akiwa kijana alivuka kwenda Fuzhou, akajifunza kwa mwalimu ambaye wanafunzi wa Higaonna walimtaja baadaye kwa jina la Ryu Ryu Ko. Watafiti wangali wanabishana huyo alikuwa nani hasa. Husimuliwa kwamba Higaonna alianza kwa kumtumikia mwalimu wake kazi za nyumbani na za mikono kabla ya kufundishwa lolote, na kwamba lililofuata lilikuwa Sanchin, Sanchin, na Sanchin tena.

Inafaa tusimame kidogo kwenye Sanchin, maana humo ndimo mtindo mzima ulimo. Ni kata fupi. Mtu anasimama miguu ikiwa upana wa mabega, vidole vimeelekea ndani kidogo, magoti yamekunjwa, nyonga imebanwa. Anasonga polepole hatua chache mbele, anageuka, anarudi. Mikono inatoka na kurejea pamoja na pumzi inayotoka tumboni kwa sauti. Hakuna teke la hewani wala mruko. Mwalimu huzunguka akimpigapiga mwanafunzi mabegani, mgongoni na mapajani kwa kiganja, akitafuta mahali palipolegea. Kwa macho ya mpita njia hakuna kinachotokea. Lakini dakika chache tu za Sanchin iliyofanywa sawasawa huacha sakafu imelowa jasho.

Higaonna aliporudi, nchi aliyoiacha haikuwapo tena. Mwaka 1879 Japani ilikuwa imeufuta ufalme wa Ryukyu, ikampeleka Sho Tai Tokyo na kuifanya Okinawa mkoa wake. Safari za zawadi kwenda China zilikoma, na mtaa wa Kume ukapoteza kazi iliyoulisha kwa karne tano. Baadhi ya watu wake walikimbilia China kuomba msaada ambao haukupatikana. Higaonna akarudia shughuli ya kuni na bahari, akafundisha wachache nyumbani kwake, na mwaka 1905 akaanza kufundisha katika shule ya biashara ya Naha. Nadhani hapa ndipo mtu huyu anapostahili heshima yake kubwa. Njia aliyopitia kwenda kujifunza ilikuwa imefungwa, na mambo aliyokuwa nayo mwilini hayakuweza kufuatwa tena upande wa pili kwa urahisi. Akayakabidhi.

Aliyeyapokea kwa wingi zaidi ni Miyagi Chojun, aliyezaliwa Naha Aprili 1888 katika ukoo uliotajirika kwa biashara ya dawa na bidhaa za ng'ambo. Aliingia kwa Higaonna mwaka 1902, akiwa na miaka 14. Utajiri ulimpa Miyagi kitu ambacho mwalimu wake hakuwahi kuwa nacho, yaani muda. Hakulazimika kuhangaikia riziki, na mali aliyorithi aliitumia katika karate mpaka ikapungua sana. Higaonna alipofariki mwaka 1915, mwanafunzi alifunga safari kwenda Fuzhou kutafuta nyayo za mwalimu. Baadaye alitunga Tensho, kata ya viganja vilivyo wazi vinavyozunguka kama maji, ikakaa kando ya Sanchin iliyo ngumu.

Jina la mtindo lilikuja karibu kwa bahati. Mnamo 1930 mwanafunzi wake hodari, Shinzato Jin'an, alionyesha karate Tokyo, akaulizwa anatoka shule gani. Hakuwa na jibu, kwa kuwa Naha watu walisema tu "te", mkono, au wakitaka kutofautisha na Shuri, "mkono wa Naha". Alipomweleza Miyagi, naye akachagua maneno mawili kutoka Bubishi, kitabu cha Kichina cha mambo ya ngumi kilichonakiliwa kwa mkono na kupitishwa kati ya walimu wa Okinawa: go, ugumu, na ju, ulaini. Mwaka 1933 jina hilo likaandikishwa katika chama kikuu cha sanaa za mapigano cha Japani.

Oktoba 25, 1936, walimu wakubwa wa kisiwa walikutana Naha kwa mwaliko wa gazeti la huko, Miyagi akiwemo. Neno karate lilikuwa likiandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa China". Kikao kilikubali herufi za "mkono mtupu". Zilikuwa siku za Japani kujiandaa kwa vita na China, na sijizuii kuona uchungu katika badiliko hilo: mji uliolelewa na Fuzhou ulikuwa ukiombwa uondoe jina la mlezi wake. Hata hivyo Suparinpei iliendelea kuitwa Suparinpei, matamshi ya Okinawa ya namba ya Kichina, 108.

Oktoba 10, 1944, ndege za Marekani ziliishambulia Naha kutwa nzima, na karibu asilimia 90 ya mji ikateketea. Mwaka uliofuata vita vikapigwa ardhini, vikaua watu zaidi ya 200,000. Shinzato, ambaye wengi walimwona mrithi, aliuawa. Miyagi alipoteza watoto, na maandishi aliyoyakusanya miaka mingi yakapotea. Kilichobaki ni kile kilichokuwa ndani ya miili ya walionusurika. Alianza upya kwa kuwafundisha polisi, kisha uani kwake Tsuboya, mtaa wa wafinyanzi. Hapo ni mahali panapofaa kabisa, kwani moja ya zana kongwe za mtindo huu ni mitungi ya udongo iliyojazwa mchanga, ambayo mwanafunzi huishika ukingoni kwa ncha za vidole na kutembea nayo mpaka mikono itetemeke. Zaidi ya hiyo kulikuwa na jiwe lenye mpini na ubao wa kupigia ngumi. Miyagi alifariki Oktoba 1953.

Wanafunzi wake ndio walioutawanya mtindo duniani. Miyazato Ei'ichi alifungua dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, iitwayo Jundokan huko Asato, Naha, mwaka 1957, na wageni wakaanza kuja. Katika miaka ya 1970 Goju-ryu ikafika Dar es Salaam, ikapata makao katika shule ya Zanaki, na vijana wa bandari nyingine wakajifunza kuvuta pumzi ya Sanchin.

Yagi Meitoku, mwanafunzi mwingine wa Miyagi, alikuwa wa uzao wa zile familia 36, na dojo yake, Meibukan, aliiweka Kume kwenyewe. Karibu na hapo, katika bustani ya Matsuyama, limesimama tangu 1987 jiwe la ukumbusho wa Higaonna na Miyagi. Jirani yake kuna bustani nyingine, Fukushuen, iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya udugu wa Naha na Fuzhou. Mawe na mbao zake vililetwa kutoka Fuzhou, kwa bahari ileile.