Upanga usio na alama hauwezi kukata kesi ya shamba



Leo tuseme juu ya upanga wa zamani. Hutokea jamaa moja ilete barazani upanga wa babu, usio na jina wala mwaka, na kusema: "Tazameni, sisi ndio wa kwanza katika udongo huu." Jamaa ya pili inakasirika. Mbele ya kukasirika, tuulize: chuma hiki kilitoka wapi, na wakati gani?

Kwanza, tazameni bapa lake. Wahunzi wetu waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo, wakakifua kwa nyundo. Unene wake haulingani, na mara nyingi mapigo ya nyundo yanaonekana. Bapa lenye unene sawasawa na mifereji iliyonyooka, mara nyingi ni la Ulaya. Mji wa Solingen, kule Ujerumani, uliuza mabapa mengi ng'ambo, mengine bila alama. Basi kukosa alama si ushuhuda wa uzee.

Pili, tazameni mpini. Upanga ulionyooka, wenye mpini mrefu bila kinga ya mkono, ni desturi ya Omani, nao ulijulikana Unguja. Lakini mpini huvunjika na kubadilishwa. Bapa laweza kuwa la Ujerumani, mpini wa pwani, na ala ya ngozi imeshonwa Maniema. Upanga mmoja, asili tatu!

Tatu, kutu hudanganya. Upanga uliofukiwa kwenye udongo wenye maji huharibika upesi. Wala msiusugue kwa mchanga, msije mkafuta alama ndogo zilizobaki.

Kumbukeni pia njia za zamani. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa huko. Misafara yao ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika. Ilileta nguo na bunduki, ikachukua pembe na watumwa. Mwaka 1893 jeshi la Leopold wa 2 liliteka Nyangwe, kisha Kasongo. Vita viliisha mwaka 1894. Pande zote mbili, wapiganaji wengi walikuwa watoto wa nchi hii, na silaha zilipita mkono hata mkono.

Kwa hiyo, wazee, upanga waweza kutuonyesha safari ya chuma. Hauonyeshi nani alilima kwanza. Ulizeni: babu aliupata kwa kununua, kwa zawadi, au vitani? Andikeni jibu mbele ya jamaa zote mbili. Kesi ya shamba ikatwe kwa maneno ya majirani wa pande zote, kwa mipaka inayojulikana, na kwa makaratasi kama yapo. Upanga wa babu utunzwe nyumbani, uwe ukumbusho kwa watoto, usiwe sababu ya kunoa panga mpya.