Nusumaisha ya dawa

Mlipuko wa kala-azar uliokumba Kitui miaka ya 1950 ulimfanya mtafiti R. B. Heisch achunguze vichuguu, maana ndani yake hujificha usubi wanaoeneza ugonjwa huo, na wazee walizoea kubarizi hapo jioni. Kwa miaka mingi mgonjwa mwenye homa isiyokatika na wengu lililovimba alidungwa sindano za stibogluconati siku 30 mfululizo. Siku hizi kuna tiba nyingine iliyojaribiwa Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia: paromomisini na miltefosini pamoja, kwa siku 14 tu.

Dawa hizo huanza siku moja, lakini haziondoki mwilini pamoja. Ndipo tunapoihitaji istilahi ya nusumaisha, iliyozoeleka zaidi katika fizikia: muda unaopita hadi kiasi cha dawa mwilini kipungue kwa nusu.

Paromomisini ni antibiotiki ya sindano. Figo huichuja upesi, na nusumaisha yake ni saa mbili au tatu. Ya leo asubuhi, usiku imekwisha karibu yote. Hatari yake ni kwa masikio na figo zenyewe, na figo zikilegea dawa hukawia.

Miltefosini ni dawa ya kumeza, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya saratani. Mgonjwa huweza kutapika, kwa hiyo huimeza pamoja na chakula. Mwanzoni hupungua nusu kwa siku saba hivi, kisha mabaki yake huburuta: nusumaisha ya mwisho ni siku 31 hivi. Piga hesabu: mwezi wa kwanza hubaki nusu, wa pili robo, wa tatu thumni, wa tano sehemu moja kati ya 32. Kwa kuwa dawa hii imedhuru mimba za wanyama wa maabara, mwanamke huagizwa kuzuia mimba wakati wa tiba na miezi mitano baadaye.

Hapo neno nusumaisha linanitia wasiwasi. Anayesikia kwamba nusu ya maisha ya dawa ni siku 31 atazidisha mara mbili, aamini siku ya 62 imekwisha, kumbe robo ingalimo. Katika vitabu neno libaki. Kliniki, mbele ya mama anayerudi Tseikuru huko Kitui, ningependa mhudumu aseme "muda wa kupungua nusu", kisha amwandikie kwenye kadi tarehe ambayo miezi mitano itatimia.